Kusafisha ekzosi ya pikipiki bila kuua mng'ao wake

Ekzosi nyingi zilizopauka na kujaa mikwaruzo hazikuharibiwa na barabara. Ziliharibiwa siku ya kuoshwa: stiliwaya ya kusugulia sufuria, mchanga, dawa ya choo, ndoo ya maji baridi iliyomwagwa kwenye bomba lililotoka kupanda mlima. Kutu inayofuata miezi michache baadaye hutupiwa lawama mvua au ubovu wa kiwanda, wakati mlango wake ulifunguliwa na aliyeosha.

Sababu ni wembamba wa kile tunachokiita mng'ao. Kwenye ekzosi ya kromu, kromu yenyewe kwa kawaida haifiki hata nusu ya maikroni moja (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa kichwani una maikroni 70 hivi. Chini ya kromu kuna nikeli ya maikroni 10 hadi 30, na chini ya nikeli ni chuma cha kawaida kinachosubiri maji. Kromu ni ngumu sana, haichuniki kwa kitambaa wala kwa sabuni, lakini ikishakwanguliwa imekwenda na hakuna polishi ya kuirudisha. Kwa hiyo kazi yote iliyo hapa chini inafuata mpangilio mmoja: anza na kitu laini kuliko vyote, kipe muda kifanye kazi, na panda ngazi moja tu pale kilichotangulia kimeshindwa.

Ijue kwanza ngozi ya ekzosi yako

Pikipiki moja inaweza kuwa na ngozi tatu tofauti: shingo inayotoka kwenye injini ni ya kromu, silensa imepakwa rangi nyeusi, na ngao ya kuzuia joto ni ya kromu au stenlesi. Kila moja ina dawa yake, na inayofaa moja huiharibu nyingine.

Kromu inaakisi kama kioo, ina ubluu kwa mbali, na ikianza kuugua hutoa vidoa vidogo vya kahawia kama vichwa vya pini. Ikizidi huvimba na kubanduka magamba. Stenlesi ina weupe wa kijivu uliotulia zaidi, mara nyingine ina mistari laini ya mswaki wa kiwandani, na haibanduki magamba kwa sababu haina kitu kilichopakwa juu yake. Alumini ni nyepesi, laini, na ikipuuzwa hufanya unga mweupe. Rangi nyeusi utaijua kwa macho.

Wengi hutumia sumaku kutofautisha stenlesi na chuma kilichopakwa kromu. Sumaku isiposhika, hapo ni stenlesi ya aina fulani, alumini au titani. Ikishika, hujajua kitu bado, maana aina za stenlesi zinazotumika sana kwenye ekzosi nazo hushikwa na sumaku. Angalia dalili za kutu pia kabla ya kuamua.

Dawa yoyote mpya ijaribu kwanza upande wa chini wa bomba, mahali pa ukubwa wa sarafu. Subiri dakika 10, suuza, kausha, kisha tazama kwenye mwanga wa jua. Pakififia au pakibadilika rangi, achana nayo.

Vifaa

Ndoo mbili, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, dodoki au sponji laini, mswaki wa zamani, na vitambaa vya pamba vitano hivi (fulana kuukuu ni nzuri kuliko taulo mpya ya bei rahisi yenye nyuzi ngumu). Ongeza siki nyeupe ya jikoni, soda ya kuokea keki, foili ya jikoni, mafuta ya taa kidogo, spiriti, na tyubu ya polishi ya chuma inayosema wazi kuwa ni ya kromu. Ukiweza kupata pamba ya shaba, ile inayofanana na stiliwaya lakini ina rangi ya dhahabu, nunua. Ni laini kuliko kromu na haiachi vumbi la chuma. Hakikisha ni shaba kweli: zipo zinazouzwa ambazo ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu, na sumaku itakuambia papo hapo, kwa kuwa shaba haishikwi na sumaku.

Sabuni ya unga ya kufulia iache ndani. Ina ukali wa magadi unaoifubaza alumini, na chembe ambazo hazijayeyuka vizuri hukwaruza.

Uoshaji wa kawaida

1. Acha ekzosi ipoe kabisa. Baada ya safari ya kawaida hiyo ni dakika 30 hadi 45, zaidi ukiwa umetoka mbali. Weka mkono karibu na bomba bila kuligusa. Ukihisi joto, bado. Maji kwenye bomba la moto hukausha sabuni papo hapo na kuacha madoa ya chokaa yaliyookwa, na kule kusinyaa kwa ghafla huvuta safu za nikeli na kromu tofauti na chuma kilicho chini yake. Hapo ndipo nyufa ndogo huanzia.

2. Ziba mdomo wa nyuma wa silensa kwa kitambaa kilichokunjwa, na kiache mkia mrefu unaoning'inia nje ili usikisahau. Mfuko wa plastiki usitumie; ukiusahau utayeyukia hapo.

3. Mwagia maji mengi bila kugusa kitu, kutoka juu kwenda chini, mpaka mchanga wote uliolala juu uondoke. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama sponji yako itakuwa sponji au msasa. Mashine ya maji ya presha iweke umbali wa nusu mita, na usiielekeze kwenye mdomo wa silensa wala kwenye maungio ya shingo na injini.

4. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji katika lita 2 za maji. Ndoo ya pili iwe na maji matupu ya kusuuzia dodoki kila mara kabla ya kulirudisha kwenye sabuni.

5. Sugua kwa kufuata urefu wa bomba, si kwa kuzungusha. Mikwaruzo midogo inayofuata urefu wa bomba haionekani sana. Ya mduara huonekana kila jua linapopiga. Kwenye maungio, nati na mkunjo wa nyuma ya shingo, tumia mswaki.

6. Suuza, kisha kausha mara moja kwa kitambaa kikavu. Usiache maji yakauke yenyewe.

7. Futa bomba lote, isipokuwa sehemu iliyopakwa rangi, kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ili kuondoa alama za vidole na utando wa sabuni. Mafuta ya vidole yakipata joto huungua na kuwa alama ya kahawia yenye umbo la kidole chako, na hiyo ni kazi kuitoa. Spiriti inashika moto haraka, kwa hiyo fanya hivi bomba likiwa baridi na mbali na sigara.

8. Toa kitambaa kwenye mdomo wa silensa. Washa injini mahali pa wazi, iache ilie dakika 5 mpaka 10 ili joto limalize unyevu. Moshi mwembamba mweupe mwanzoni ni maji yanayokauka.

Pikipiki za kisasa zenye mfumo wa injeksheni huwa na sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye shingo, yenye waya unaotoka. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu tu. Usiimwagie dawa, na usipulize karibu nayo kitu chochote chenye silikoni, kwani silikoni huiharibu sensa hiyo.

Matope yaliyookwa, lami, na mafuta ya cheni

Tope jekundu la masika likirushwa na gurudumu la mbele hugonga shingo ya moto na kuokwa kama tofali. Kulikwangua ni kusugua kromu kwa udongo wenye mchanga. Dawa yake ni muda: lowesha kitambaa kizito kwenye maji ya sabuni, kizungushe bombani, kiache dakika 20, ukikilowesha tena kikianza kukauka. Ukikitoa, sehemu kubwa ya tope hutoka nacho. Rudia mara mbili au tatu ikibidi. Aliyeosha kwa dakika 5 kwa kukwangua na aliyesubiri saa nzima kwa kulowesha wote wataondoa tope. Tofauti yao itaonekana baada ya mwaka.

Lami na mafuta ya cheni haviondoki kwa sabuni peke yake. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, kiweke juu ya doa dakika 3 hadi 5, futa, kisha osha kwa sabuni ili mafuta ya taa yenyewe yasibaki. Petroli pia hutoa lami, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu na haifai kabisa karibu na injini. Mafuta ya taa yanatosha.

Plastiki iliyoyeyuka

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania 2019, na ekzosi zimepata nafuu kidogo, lakini makoti ya mvua, turubai, kamba za mizigo na soli za viatu bado vinaganda bombani kila siku. Plastiki ya mfuko huyeyuka kwenye nyuzi joto 105 hadi 130 hivi, na shingo ya pikipiki iliyo kazini hupita hapo mapema sana.

Usiendelee kuendesha ukitegemea iungue yenyewe. Plastiki iliyoungua hubaki kama makaa magumu meusi. Na ikiwa ni koti la mvua la PVC, kuungua kwake hutoa haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayoila kromu. Lile doa la kutu linalotokea mahali palepale koti liliposhikia lina chanzo hicho.

Washa injini dakika 2 hadi 4, mpaka plastiki ilainike bila kutoa moshi, kisha zima. Vaa glavu nene za ngozi. Kwa kipande cha mwanzi au ubao uliochongwa bapa kama mwiko, isukume plastiki polepole kufuata urefu wa bomba, ukiufuta ncha yake kila mara. Bisibisi na kisu hapana. Ikianza kuganda tena, washa injini dakika moja nyingine. Utando mwembamba wa mwisho ufute kwa kitambaa kizito cha pamba bomba likiwa bado na joto. Kitambaa cha nailoni kitayeyuka na kukuongezea kazi.

Bomba likishapoa, kivuli cha kahawia kilichobaki kipake uji mzito wa soda ya kuokea keki: vijiko 3 vya soda kwa kijiko 1 cha maji. Acha dakika 15, sugua kwa kitambaa chenye unyevu, suuza. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni husaidia kwenye mabaki ya soli na gundi, ila haiyeyushi plastiki ya mifuko hata kidogo. Na isiguse rangi: asetoni ikidondoka kwenye silensa nyeusi au kwenye tanki, rangi inatoka nayo.

Ngozi yako ikigusa bomba wakati wa kazi hii, acha kila kitu na uweke sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala mafuta.

Kutu kwenye kromu

Hapa ndipo ekzosi nyingi hupona au hufa. Elewa kwanza kwamba kromu yenyewe haioti kutu ya kahawia. Vile vidoa ni kutu ya chuma cha chini inayochungulia kupitia vitundu na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Unachosafisha juu ni kutu iliyotoka nje, tundu linabaki. Kwa hiyo lengo ni kuondoa kutu bila kupanua tundu, kisha kuzuia maji yasirudi.

Bonyeza kila sehemu mbaya kwa kidole gumba, bomba likiwa baridi. Ikibonyea au ikitoa mlio wa kukatika, chuma kimeliwa mpaka ndani na ekzosi inahitaji fundi wa kulehemu kabla ya polishi. Kromu iliyovimba kama lengelenge au inayotoka magamba nayo haina tiba ya kusugua. Magamba yake ni makali kama wembe, vaa glavu.

Vidoa vya kawaida vitoe hivi:

1. Osha na ukaushe kama ilivyoelezwa juu. Usianze kutoa kutu kwenye bomba lenye vumbi.

2. Kata foili ya jikoni vipande vya ukubwa wa kiganja, ukunje kila kimoja kiwe kama kitonge cha ulaini wa kati, kisha chovya kwenye maji matupu.

3. Sugua kidoa kwa nguvu ya kufuta meza, isizidi hapo. Baada ya dakika moja utaona uji wa kahawia na kijivu. Huo ni kutu na alumini vikitoka pamoja. Foili hufaa kwa sababu alumini ni laini sana kuliko kromu. Kipande kikishakuwa bapa na cheusi, chukua kingine.

4. Kidoa kikikataa, badala ya maji tumia siki nyeupe, ile ya kawaida yenye asilimia 5. Lowesha kitambaa kidogo, kiweke juu ya kidoa dakika 5, isizidi 10, kisha rudi na foili. Juisi ya ndimu au limau hufanya kazi ileile. Watu hutumia pia kola, kwa ajili ya asidi ya fosforiki iliyomo. Inasaidia, ila sukari yake isiposuuzwa kikamilifu itaungua na kuganda bombani.

5. Asidi iliyoingia kwenye tundu hubaki humo ikiendelea kula chuma. Izime: changanya kijiko kimoja cha chakula cha soda ya kuokea keki katika nusu lita ya maji, mwagia sehemu yote, subiri dakika 2, suuza kwa maji mengi. Ukiruka hatua hii, kutu mpya itarudi upesi na utasema siki haifai.

6. Kausha kwa kitambaa, kisha washa injini dakika 5 ili joto litoe unyevu uliojificha kwenye vitundu. Zima, acha ipoe kabisa.

7. Weka polishi ya kromu kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa, paka eneo la urefu wa sentimita 15 kwa wakati mmoja, sugua kwa urefu wa bomba mpaka ianze kuwa nyeusi, kisha ifute kwa kitambaa kingine kikavu kabla haijakauka. Weusi huo ni wa kawaida. Malizia na spiriti.

Pamba ya shaba ndiyo ngazi ya mwisho, kwa kidoa ambacho foili na siki vimeshindwa, na itumike ikiwa imelowa. Stiliwaya ya jikoni haimo kwenye ngazi hii kabisa. Ipo stiliwaya laini sana iliyoandikwa 0000 kwenye maduka ya vifaa vya mbao, na mafundi wazoefu huitumia kwenye kromu ikiwa na mafuta mepesi, kwa mkono mwepesi. Usiitumie kama hujawahi kuona inavyofanywa.

Polishi yenyewe ni unga wa kusagia uliochanganywa na mafuta, kwa hiyo kila unapoipiga unaondoa kitu. Mara 3 au 4 kwa mwaka zinatosha. Anayepiga polishi kila Jumapili anaitafuna kromu yake kidogokidogo. Dawa ya meno nayo ni polishi dhaifu. Inafaa kwa alama za vidole zilizoungua, ila isugue kidogo na uisuuze yote.

Umanjano na ubluu karibu na injini

Shingo inayogeuka manjano, kisha zambarau, kisha bluu haijachafuka. Ni joto limejenga utando mwembamba wa oksaidi juu ya metali, na rangi hutegemea unene wa utando huo. Kwenye stenlesi umanjano hafifu hutokea karibu nyuzi 290, na bluu karibu nyuzi 540. Polishi ya chuma huondoa manjano kwa urahisi na bluu kwa jasho, lakini kama chanzo cha joto kipo itarudi baada ya safari chache.

Ndiyo maana ubluu mzito uliotokea ghafla kwenye pikipiki iliyokuwa nzuri ni habari ya injini. Mpelekee fundi na umtajie mambo matatu ya kuangalia: kabureta inayotoa mafuta machache kuliko hewa kwa sababu ya jeti (kitundu cha kupitishia mafuta) iliyoziba, moto wa plagi unaochelewa, na gasketi ya shingo (kizibo cha kati ya shingo na injini) inayovuja na kuvuta hewa. Ukisikia mlio wa kutema karibu na silinda na kuona masizi meusi kwenye maungio, anza na gasketi. Rekebisha kwanza, ndipo upige polishi.

Stenlesi na alumini

Stenlesi inavumilia kuliko kromu, ila ina adui wawili. Wa kwanza ni klorini: jiki na dawa nyingine za kung'arisha nguo huichimba vishimo vidogo ambavyo havitoki. Wa pili ni stiliwaya ya chuma. Huacha chembe za chuma kwenye uso, chembe hizo zinaota kutu, na mwenye pikipiki anadhani ameuziwa stenlesi bandia. Tumia soda ya keki na kitambaa, kisha polishi. Kama ina mistari ya kiwandani, fuata mwelekeo wa mistari.

Alumini osha kwa sabuni ya maji tu na polishi yake maalumu. Magadi, kostiki na dawa za kusafishia oveni huila alumini ukiangalia.

Silensa nyeusi

Rangi haipigwi polishi ya chuma, siki, asetoni, wala foili. Maji, sabuni, kitambaa laini, basi. Ikishapauka sawasawa bila kutu, hiyo ni rangi imechoka kwa joto. Kupaka mafuta ya injini yaliyotumika ili iwe nyeusi tena ni kununua moshi na vumbi linaloganda.

Ikianza kutu, ipake upya kabla haijatoboka. Rangi ya kawaida ya kupulizia, hata ikiwa nzuri kiasi gani kwenye geti, itaungua na kutoka. Nunua iliyoandikwa kuwa inahimili nyuzi 600 au zaidi. Ni bora kuifungua ekzosi. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 shingo hushikwa na nati mbili za spana namba 10. Zipulizie mafuta ya kulegeza nati usiku mmoja kabla, na usilazimishe, maana stadi (boliti inayoshikilia nati) ikikatikia kwenye kichwa cha injini utatumia fedha nyingi kuliko bei ya rangi. Nunua gasketi mpya ya shingo kabla ya kufungua. Ya zamani ikishafunguliwa ni nadra kuziba vizuri tena.

Piga msasa namba 120 penye kutu mpaka uone chuma, kisha 240 sehemu yote. Futa kwa tina (kiyeyusha rangi), acha ikauke, na usiishike tena kwa mkono mtupu. Tikisa kopo dakika 2. Pulizia ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, makoti (tabaka za rangi) mawili au matatu membamba, ukiacha dakika 10 hadi 15 kati ya moja na jingine. Koti moja nene hutiririka na baadaye hubanduka kama ganda la yai. Ziba kwa mkanda sehemu inayoingia kwenye injini.

Rangi hii haikomai kwa jua. Inakomaa kwa joto, kwa hiyo soma kopo lako lina utaratibu gani. Kwa kawaida ni kuwasha injini ikiwa imesimama dakika 10 na kuiacha ipoe kabisa, kisha dakika 20 na kupoa, kisha dakika 30. Itatoa moshi na harufu kali mara ya kwanza. Fanya nje, kamwe si ndani ya chumba au gereji iliyofungwa, kwa kuwa hewa ya ekzosi ina kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Mpaka mizunguko hiyo iishe rangi bado ni laini: usiiguse, usiioshe, usipakie abiria.

Kile ambacho muosha pikipiki asikipake

Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi ya haidrokloriki. Hiyo ndiyo asidi ambayo karakana za kupaka kromu huitumia kuivua kromu ya zamani kwenye chuma. Ekzosi iliyopakwa dawa hiyo hung'aa sana siku hiyo, kisha hugeuka kijivu na kuota kutu kote kwa mpigo. Ukimpelekea kijana wa kuosha magari pikipiki yako, muulize ana nini kwenye kopo lake, na umwambie wazi kuwa ekzosi ni sabuni tu. Waambie pia wasipulizie dizeli kwa ajili ya kung'arisha; ikipata joto huacha utando wa kahawia.

Pwani, maji ya chumvi, na kutu ya ndani

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja chumvi iko hewani. Huko bomba lisuuzwe kwa maji baridi ya kunywa angalau mara moja kwa wiki, hata kama linaonekana safi. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na kuosha nayo bila kukausha ni kupaka chumvi juu ya chumvi. Kama huna maji mengine, osha nayo, lakini mwisho mwagia lita 2 au 3 za maji ya mvua au ya kununua, na ukaushe hapohapo.

Nta ya gari haidumu kwenye shingo: nta ya kanauba huyeyuka kabla ya nyuzi 90. Ipake kwenye ngao ya joto na kwenye kifuniko cha nyuma cha silensa tu, koti jembamba, ambako haiungui haraka. Kila baada ya miezi mitatu fungua skrubu za ngao uoshe nyuma yake. Tope lenye unyevu hulala pale bila mtu kuliona, na ndipo silensa nyingi hutobokea.

Pikipiki inayowekwa kwa mwezi au zaidi ipakwe mafuta mepesi ya mashine kwenye kromu yote, yakifutwa mpaka ubaki utando tu. Siku ya kuiwasha, yatoe kwa spiriti kabla ya kugusa stata.

Kutu nyingine huanzia ndani, na hakuna kitambaa kinachoifikia. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Safari ndefu huutoa wote nje. Safari za dakika 5 kutoka kijiweni hadi sokoni, siku nzima, huuacha ugande ndani ya silensa baridi pamoja na asidi za moshi. Silensa nyingi zina tundu dogo chini kwa nyuma, la ukubwa wa njiti ya kiberiti, la kutolea maji hayo. Watu huliona kama kasoro wakalilehemu, au tope huliziba. Kila unapoosha, lizibue kwa waya mwembamba, kisha mara moja kwa wiki iendeshe pikipiki dakika 20 mfululizo ili silensa yote ipate joto mpaka nyuma.